Chupa ya dawa ya miti aliyoletewa mama: je, aache metformini?

Swali: "Daktari, mama yangu ana miaka 61 na tunaishi naye mtaa wa Umoja, Nairobi. Ana sukari tangu 2017, anatumia metformini na glibenklamidi. Mwezi uliopita jirani alimletea chupa ya dawa ya miti kutoka mjini, shilingi 3,500. Imeandikwa ina mlonge, mwarobaini, karela na 'mimea 12 mingine'. Anakunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Sukari yake ya kuamka imetoka 13 hadi 6.8 kwa wiki tatu. Sasa anataka kuacha vidonge vya hospitali, hasa metformini kwa sababu inamsumbua tumbo. Kaka yangu anamuunga mkono. Mimi naogopa, lakini hizo namba zinanifunga mdomo. Je, kuna mmea unaotibu sukari kweli?"

Jibu: Asante dada kwa kuandika kabla mama hajaacha vidonge. Swali lako kubwa nitalijibu kwa kirefu, ila kuna jambo lisilongoja, na ndilo naanza nalo.

Mama anameza glibenklamidi. Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na kwa mtu wa umri wake kinaweza kuishusha sukari kupita kiasi na kuishikilia huko chini kwa saa nyingi. Juu yake sasa kumeongezwa chupa ambayo hakuna anayejua kwa hakika ina nini. 6.8 ya kuamka ni namba nzuri kabisa. Lakini ilikuwa ngapi saa tisa usiku? Ilikuwa ngapi siku aliyochelewa kula mchana? Kuanzia leo mpime kabla ya kulala pia, na wakati wowote akitetemeka, akitokwa na jasho la baridi, akishikwa na njaa ya ghafla, au akianza kujibu mambo yasiyoeleweka. Ikishuka chini ya 4, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, umpime tena baada ya dakika 15, halafu ale chakula. Akizimia usimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali, na mkifika semeni neno glibenklamidi, kwa sababu sukari iliyoshushwa na dawa hiyo huweza kupanda kidogo kisha ikaanguka tena.

Chupa isimamishwe leo, lakini msiitupe. Metformini na glibenklamidi aendelee nazo kama alivyoandikiwa hadi aonwe na daktari, na aonwe wiki hii, asingoje tarehe ya kliniki. Mkipata vipimo vya chini ya 4 kabla ya hapo, nendeni siku hiyo hiyo.

Sasa swali lako. Kuna mmea unaotibu sukari? Mama anaumeza kila siku, bila kuambiwa.

Ulaya kuna mmea wa jamii ya maharagwe uitwao Galega officinalis. Waganga wa zamani wa huko waliutumia kwa karne nyingi, na wafugaji waliujua kwa ubaya wake: kondoo akiula kwa wingi hufa. Ndani yake mna kemikali iitwayo galegini. Miaka ya 1920 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa sukari. Sukari ilishuka kweli, ila sumu yake ilikuwa karibu mno na faida yake, ikaachwa. Mwaka 1922 wanakemia wawili wa Dublin, Werner na Bell, walikuwa wametengeneza ndugu yake mpole zaidi, metformini, lakini ilikaa miaka zaidi ya 30 bila mtu kuifanyia kazi kubwa. Ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne akaijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1957. Aliipa jina la Glucophage, yaani mla glukosi. Marekani haikuikubali hadi 1994. Ndugu yake mwingine, fenformini, aliyeanza kwa kishindo, aliondolewa katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu ya kujaza asidi kwenye damu na kuua watu.

Kazi yake kubwa metformini huifanya kwenye ini. Usiku mama akiwa amelala, ini lake hutengeneza glukosi na kuimwaga kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya huo ni mpango mzuri, ila kwa mwenye sukari ya aina ya pili ini halisikii tena insulini inapoliambia limetosha. Ndiyo maana watu wengi hunilalamikia: "Daktari, nililala njaa na bado asubuhi nimeamka na 11!" Metformini hulituliza ini hilo. Kidonge hicho cha bei nafuu kilizaliwa na jani lililoua kondoo, kikachujwa, kikabadilishwa, kikapimwa, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa za kwanza anazopewa mgonjwa wa sukari, hapa Kenya na kwingineko.

Kuna kisa cha pili nakipenda zaidi, cha mti wa tufaha. Mwaka 1835 wanakemia walitoa kwenye ganda la mizizi yake kitu kichungu walichokiita florizini. Mwaka 1886 Josef von Mering akaona kwamba mnyama akipewa florizini hukojoa sukari. Ilichukua miaka mingi kuelewa kwa nini: figo huchuja sukari yote kutoka kwenye damu kisha huirudisha kupitia vijilango maalumu, na florizini huvifunga vijilango hivyo. Ila mtu akiimeza, utumbo huivunja, na inayobaki humharisha. Wanakemia wakaibadilisha kidogo kidogo, na katika miaka ya 2010 zikaanza kutoka dawa kama dapagliflozini, ambazo hushusha sukari, na kwa wagonjwa wengi huwalindia figo na moyo pia. Toka ganda la mti hadi kidonge: zaidi ya miaka 170.

Kwa hiyo mtu asikudharau wala asimdharau mama kwa kuamini miti. Mimi ni mfamasia, ingawa mnaniita daktari, na darasani nilifundishwa dawa nyingi zilizotoka kwenye miti. Hapa Nairobi kwenyewe, Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ina kituo kizima kinachochunguza dawa za asili. Ninachokuomba ni hiki tu: kioevu kilicho ndani ya chupa ile tukiulize maswali yale yale tunayokiuliza kidonge. Kina nini, kiasi gani, na kimepimwa kwa nani?

Tuanze na yale majina matatu.

Karela, ile mboga chungu tunayoinunua Ngara na Parklands, ndiyo yenye sifa kubwa. Ina kemikali zinazoshusha sukari ya wanyama, na wapo watu ambao sukari yao hushuka wakinywa maji yake. Hata hivyo, wachunguzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipokusanya mwaka 2012 majaribio ya kuaminika kwa watu, walipata manne tu, na hayakuonyesha kwamba karela inashinda kidonge kisicho na dawa. Hilo halimaanishi karela ni maji matupu. Linamaanisha hakuna anayeweza kuniambia mama anywe kiasi gani na atarajie nini. Tena mbegu zake zina kemikali inayoweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu kwenye jamii zilizoishi na malaria vizazi vingi, kama za Pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria. Karela kwenye mchuzi mara mbili kwa wiki, ale kwa amani. Karela iliyokolezwa, juu ya glibenklamidi, hapana.

Mlonge ni mboga nzuri. Nakula mwenyewe. Majaribio yake kwa wagonjwa wa sukari ni madogo, ya muda mfupi, na majibu yake hayakubaliani. Mwarobaini una jina linalodai kuponya maradhi arobaini, na tafiti za wanyama ni nyingi mno, lakini za watu ni chache. Mafuta ya mbegu zake yameripotiwa kuwatia watoto wadogo degedege, kwa hiyo chupa hiyo iwe juu ya kabati, mbali na wajukuu.

Halafu wapo wasiotajwa kwenye chupa ila najua mama atauziwa kesho. Uwatu nauheshimu: karibu nusu ya mbegu ni nyuzi, ikiloweka hugeuka ute, na ute huo huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Ni kazi inayoeleweka, na kama mama anapenda kijiko cha mbegu zilizolowekwa, aseme kliniki na aache saa mbili kati yake na vidonge, maana ute huo unaweza kuchelewesha dawa vilevile. Mdalasini ulipata jina kubwa mwaka 2003, utafiti wa Pakistan wenye watu 60 na siku 40 ulipoonyesha sukari ya kuamka imeshuka sana. Waliofuata hawakuipata hali hiyo sawasawa, na mwaka 2012 Cochrane walipokusanya majaribio kumi hawakuona sababu ya kuupendekeza. Mdalasini mwingi wa madukani ni wa aina ya kasia, wenye kumarini, ambayo ikizidi huchosha ini. Kwenye chai, sawa. Vijiko kila siku, siafiki.

Ule unaonifanya nitege sikio ni beberini, kemikali ya manjano inayotoka kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya Berberis, ambayo baadhi yake huota hata milimani kwetu. Mwaka 2008 watafiti wa China waliwapa wagonjwa wapya miligramu 500 mara tatu kwa siku, wakawalinganisha na waliopewa metformini. Baada ya miezi mitatu, HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ya waliotumia beberini ilikuwa imetoka asilimia 9.5 hadi 7.5, karibu sawa na wenzao wa metformini. Hilo si jambo dogo. Lakini walikuwa watu 36 kwa jumla, na beberini huingilia namna ini linavyovunja dawa nyingine, humharisha mtu kama metformini yenyewe, na haifai kabisa kwa mjamzito wala mtoto mchanga. Utafiti mkubwa na mrefu ukija kuithibitisha, nitakuwa wa kwanza kufurahi.

Sasa utaniuliza: mbona kila siku tunasoma kwamba mmea fulani wa Kenya umeshusha sukari maabara? Ni kweli huwa umeshusha. Wa panya. Na panya hao mara nyingi wamedungwa sindano ya aloksani au streptozotosini, sumu zinazoua seli za kongosho zitengenezazo insulini. Ugonjwa wa mama ni mwingine: kongosho lake bado linafanya kazi, mwili ndio umeacha kuisikia insulini, baada ya miaka ya uzito, kukaa sana na chakula kizito.

Halafu piga nami hesabu ya dozi, maana hii hakuna muuzaji atakayekupigia. Utafiti wa kawaida huwapa panya miligramu 400 za kiini cha mmea, yaani kilichokamuliwa na kukaushwa, kwa kila kilo ya uzito wao. Kuipeleka dozi hiyo kwa mtu, sisi huigawa kwa takriban 6.2, kwa sababu mwili mkubwa hutumia dawa polepole kuliko mdogo. Tunabaki na miligramu 65 hivi kwa kilo. Mama akiwa na kilo 70, hizo ni kama gramu 4.5 za kiini kikavu kila siku. Kama kilo kumi za majani makavu hutoa kilo moja ya kiini, mama anahitaji gramu 45 za majani makavu ya mmea mmoja kila siku. Chupa yenu ina mimea 15, naye anakunywa vijiko vinne. Kila mmea umebakiwa na nafasi gani humo? Wala hatujazungumzia kama majani yalichemshwa kwa maji au yalilowekwa kwenye pombe, ambayo hutoa kemikali tofauti kabisa, au kama yalichumwa wakati wa mvua au wa kiangazi, yakaanikwa kivulini au juani. Maabara huyaandika yote hayo. Chupa haijaandika hata moja.

Lakini sukari ya mama imeshuka, na hapo ndipo umefungwa mdomo. Namba siwezi kuikana. Tuitafutie chanzo.

Muulize kwanza jirani kama chupa ilikuja na maelekezo. Mara nyingi huja nayo: usile mkate, usinywe soda, acha sukari kwenye chai, tembea nusu saa jioni. Mama akiyafuata hayo kwa wiki tatu, kwa ari ya mtu aliyetoa shilingi 3,500, sukari yake itashuka hata chupa ikiwa na maji ya mferejini. Pengine pia ameanza kumeza vidonge vyake bila kuruka, kwa kuwa sasa anapima kila siku na namba zinampa moyo. Angalia vilevile kama ile 13 ilipimwa kabla ya chai au baada yake, kwa maana vipimo viwili vya saa tofauti havilinganishwi. Na inawezekana kabisa mimea yenyewe imesaidia kidogo, silikatai hilo.

Kisha kuna jambo linaloninyima usingizi. Mwaka 2008 huko Singapore, katika muda usiofika miezi mitano, hospitali tano za umma zilipokea watu 150 wasio na ugonjwa wa sukari ambao sukari yao ilikuwa imeanguka vibaya. Saba walibaki bila fahamu kwa muda mrefu kwa ajili ya ubongo kukosa sukari, wanne wakafa. Walipopimwa, wengi wao walikutwa na glibenklamidi kwenye damu. Hawakuandikiwa na daktari yeyote: ilikuwa imechanganywa kwenye dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo, nyingine zikiitwa za mitishamba.

Ndiyo, ni kidonge kile kile cha mama. Glibenklamidi ni ya bei ya chini, kidogo chake hutosha, na mtu akitaka dawa yake ya miti "ifanye kazi" mbele ya macho ya mteja, hiyo ndiyo njia rahisi. Simtuhumu aliyetengeneza chupa yenu. Simjui, na wapo waganga wa mitishamba waadilifu wanaochukia mchezo huo kuliko mimi. Nasema tu kwamba kushuka kutoka 13 hadi 6.8 kwa wiki tatu ni kasi ya kidonge kuliko kasi ya mchicha, na kama humo ndani mna glibenklamidi iliyofichwa, basi mama anameza dozi mbili. Tafuteni kwenye chupa namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Isipokuwepo, au ikiwa hamuielewi, piganieni chupa ifike kwa Bodi. Hupokea taarifa za dawa zinazotiliwa shaka kutoka kwa mwananchi yeyote, si lazima awe daktari.

Jambo jingine ni hiyo "mimea 12 mingine". Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Brussels nchini Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia. Figo za wanawake wapatao 100 ziliharibika, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kubadilishwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wanataka kupungua tu. Kwa mama hili lina uzito zaidi: metformini hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikichoka bila ninyi kujua, dawa hurundikana, na ndipo ile hatari ya asidi kwenye damu hurudi. Kwa hiyo nataka figo zake zipimwe sasa, chupa ikiwa imeshamaliza mwezi.

Watu huniambia, "Lakini ni majani tu, daktari." Chai nayo ni majani. Mkenya akinywa chai ya kijani vikombe vitatu, ini lake halina habari. Lakini majani hayo hayo yakikamuliwa na kukolezwa kwenye vidonge vya kupunguza mwili, mtu akameza miligramu 800 au zaidi za katekini, kemikali yake kuu, kila siku, vipimo vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa onyo hilo mwaka 2018. Jani ni chakula. Kiini chake kilichokolezwa ni dawa, na dawa ina dozi.

Sasa tumbo la mama. Nadhani hapa ndipo safari yote ilipoanzia, na kosa ni letu watu wa hospitali, ambao tunaandika metformini kwa haraka na kumwambia mgonjwa avumilie. Asivumilie. Amezapo katikati ya chakula badala ya kabla, mara nyingi nafuu huja. Inaweza kushushwa kisha kupandishwa taratibu kila wiki. Na zipo metformini zinazoyeyuka polepole, ambazo watu wengi wenye matumbo kama la mama huzimudu vizuri; mwambieni daktari mnaiomba. Ameitumia miaka mingi, kwa hiyo waombe wampime pia vitamini B12, ambayo metformini huipunguza. Kama ana ganzi au miguu inamchoma usiku, huenda sababu ikawa hiyo. Na glibenklamidi, kwa umri wake, ningependa sana daktari afikirie kuibadilisha na isiyoangusha sukari namna hiyo.

Chakula nacho nikiseme, maana sukari ya aina ya pili kwa wengi wetu imepitia mlango huo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi. Marekani, mwaka 2002, utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata sukari ulionyesha kwamba waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, asilimia 31. Uingereza, mwaka 2017, karibu nusu ya wagonjwa waliofuata mpango mkali wa chakula kidogo, wakisimamiwa na wahudumu wa afya, walipopimwa baada ya mwaka mmoja walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Nikuambie ukweli, hao walikuwa na ugonjwa kwa miaka isiyozidi sita, na mama amevuka hapo. Bado kila kilo anayoipunguza humsaidia.

Kwenye meza yenu ya Umoja hilo ni jambo dogo dogo. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi, managu na terere vijaze nusu ya sahani. Ugali wa wimbi bado ni ugali. Nimeona wagonjwa wakila mlima wake kwa kuamini ni dawa, na uji wa wimbi wenye vijiko vitano vya sukari. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi hupandisha sukari polepole kuliko chapati mbili. Chai isiwe na sukari, na kama kuna kitu kimoja tu mama atakubali kuacha, kiwe hicho pamoja na soda. Kama haya ndiyo maelekezo yaliyokuja na chupa, basi muuzaji amewauzia ushauri mzuri, na ushauri huo mnaweza kubaki nao bure.

Usiende nyumbani kumnyang'anya mama chupa. Ataificha, na tutapoteza habari tunayoihitaji kuliko zote. Keti naye, wewe na kaka, mwambie sukari imeshuka na sote tunafurahi, sasa tunataka kujua nini kimeishusha. Mpendekezee jaribio: chupa ikae kabatini, vidonge na chakula viendelee vile vile, apime kila asubuhi na kila usiku kwa siku saba, muandike kwenye daftari pamoja na alichokula. Ikipanda ghafla siku ya pili au ya tatu huku chakula hakijabadilika, daktari aambiwe hivyo hivyo, kwa maana hiyo ni dalili nzito kuhusu kilichokuwa ndani ya chupa. Ikipita 15 mara mbili mfululizo, au mama akianza kutapika, kukauka mdomo na kukojoa kila mara, msingoje siku saba ziishe.

Mkienda kliniki, iwe hospitali ya Mama Lucy hapo karibu au mnakohudhuria, bebeni chupa, daftari, na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja. Ombeni kreatinini, kipimo kinachoonyesha hali ya figo, vipimo vya ini, na HbA1c. Hiyo ya mwisho ni wastani wa takriban miezi mitatu, kwa hiyo ya sasa itachanganya siku za kabla ya chupa na za baada. Itunzeni kama namba ya kuanzia, mrudie baada ya miezi mitatu. Majibu ya figo yakitoka, niandikie namba ya kreatinini, umri wake unao tayari kwenye barua hii, na uzito wake wa siku hiyo, nikuangalizie kama dozi ya metformini inafaa kubaki ilipo.